Bawa Lililopinda: Shata Ipi kwa Picha za Wanyamapori?

Mdiria wa madoa meusi na meupe husimama hewani juu ya Ziwa Naivasha akivizia samaki. Ukimpiga kwa shata ya kielektroniki, hata kwa 1/4000 ya sekunde, kichwa kinaweza kutoka safi huku bawa likiwa limepinda mahali pasipo na kiungo. Wengi hulaumu lenzi. Lenzi haina kosa.

Ile 1/4000 ni muda ambao kila mstari wa kihisi unapokea mwanga, si muda wa kuisoma picha nzima. Kihisi husomwa mstari baada ya mstari, kutoka upande mmoja hadi mwingine, na katika kamera nyingi za bei ya kati kazi hiyo huchukua kati ya 1/15 na 1/60 ya sekunde. Duma anayekimbia kilomita 90 kwa saa huenda zaidi ya mita moja ndani ya 1/20 ya sekunde. Ukimfuata kwa lenzi, kiwiliwili utakiokoa, lakini miguu itapotoka na migunga iliyo nyuma yake italala upande. Shata ya mitambo nayo haifungui picha yote kwa mpigo, ila mapazia yake hukatiza kihisi kwa takriban 1/250 ya sekunde, na kwa wanyama wengi hiyo inatosha.

Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina kabisa shata ya mitambo, kwa sababu kihisi chake husomwa karibu kwa kasi hiyohiyo ya mapazia. Sony A9 III, iliyotangazwa 2023, husoma pikseli zote kwa wakati mmoja. Mwenye kamera hizo hana la kuchagua. Sisi wengine tuzipime zetu kabla ya safari: piga picha pangaboi linalozunguka, kwa shata ya kielektroniki na kasi kubwa. Mapanga yakipinda, umepata jibu. Ukitaka kipimo, piga picha ukuta ulioangazwa na taa ya LED inayopepesa. Umeme wetu wa hezi 50 huifanya taa hiyo ipepese mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kila mstari mweusi ni 1/100 ya sekunde ya usomaji. Mistari hiyohiyo ndiyo itakayokuharibia picha za usiku kwenye kambi zenye taa za namna hiyo.

Ukimya una thamani yake. Simba wa Serengeti aliyezoea magari hashtuki kwa mlio wa kamera, lakini ndege aliye kiotani, au digidigi aliye hatua chache kutoka maficho yako, huyo anasikia. Kwake natumia shata ya kielektroniki bila kusita, na ikinibidi nipoteze picha ya bawa, naipoteza.

Kuna pia njia ya kati: pazia la kwanza la kielektroniki, la mwisho la mitambo. Hupunguza mtikisiko kwenye lenzi ndefu, hasa karibu na 1/100 ya sekunde. Usiitumie kupita 1/2000 na lenzi iliyofunguliwa sana. Viduara vya mwanga vilivyo nyuma ya mnyama hutoka vimekatwa.

Kamera nyingi hukuruhusu kuweka aina ya shata kwenye kitufe kimoja. Fanya hivyo. Chui aliyelala tawini mpige kimyakimya. Akiinuka na kukaza macho chini, badili kabla hajaruka.