Madafu Hayaleti Busha

Swali la iwapo maji ya madafu husababisha busha limejibiwa mara nyingi mno katika miji ya pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, lakini bado huulizwa hata na watu waliosoma, ambao hawangethubutu kuuliza iwapo maembe huleta malaria. Busha ni maji yanayokusanyika kati ya tabaka mbili za utando unaoizunguka korodani; maji hayo hutolewa na utando wenyewe, na kwa kawaida hunyonywa tena na mishipa ya limfu, yaani mirija myembamba inayoyarudisha majimaji ya mwili kwenye damu. Maji ya dafu hufyonzwa na utumbo, na ziada yake hutolewa na figo kama mkojo, sawasawa na chai au maji ya kisima.

Imani hiyo imedumu kwa kuwa minazi na mbu hustawi katika ukanda uleule wa joto na unyevu. Mbu, hasa wale wanaozaliana katika maji machafu ya vyoo vya shimo na makaro, humwambukiza mtu minyoo myembamba kama uzi, ambayo huishi kwa miaka kadhaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu, hata maji yakakosa pa kupita. Minyoo hiyohiyo ndiyo iletayo matende ya miguu, kwa wanawake na wanaume, na anayelilaumu dafu hana budi kueleza lilifikaje mguuni. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walitandaza chembe nyepesi za plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo ili mbu wasizaliane, wakawapa wakazi dawa ya minyoo, na maambukizi yakapungua sana. Madafu hayakuhusika kwa lolote. Kingatiba ya kitaifa ya Tanzania dhidi ya minyoo hiyo, yaani dawa wanazogawiwa wakazi wote, nayo ilianzia Mafia mwaka 2000, na kisiwa hicho hakikukatazwa nazi.

Si kila busha hutokana na minyoo, kwani jeraha na maambukizi mengine huweza kulisababisha, na la mtoto mchanga mara nyingi hutoweka lenyewe. Kwa mtu mzima, kingatiba huzuia maambukizi lakini haikaushi busha lililokwisha kukua, maji yakinyonywa kwa sindano hurudi, na tiba ya uhakika ni upasuaji. Tena si kila uvimbe wa sehemu hiyo ni busha. Uvimbe mgumu wa korodani yenyewe, hata usiouma, huhitaji kupimwa mapema, hasa kwa vijana, kwa sababu huenda ukawa saratani. Ngiri, yaani utumbo ulioshukia kwenye mfuko wa korodani, ikikataa kurudi ndani na kuleta maumivu na kutapika, ni dharura. Homa pamoja na uvimbe huhitaji daktari siku hiyohiyo. Maumivu makali ya ghafla huweza kuwa ya korodani iliyojisokota na kukatiwa damu, ambayo huokolewa kwa urahisi zaidi upasuaji ukifanyika kabla ya saa 6 kupita, muda ambao aghalabu hupotezwa kwa mganga wa kuchanja chale.