Makumbusho ya Sanaa Yanayofikiwa kwa Feri

Mwaka 1921, shule ya msingi ya Kurashiki, mji wa viwanda vya nyuzi magharibi mwa Japani, iligeuzwa ukumbi wa maonyesho. Kutani zilitundikwa kazi za wachoraji wa Ufaransa wa wakati ule, na watu wakamiminika kuzitazama. Aliyezinunua Ulaya alikuwa mchoraji Torajiro Kojima, na aliyetoa fedha ni rafiki yake Magosaburo Ohara, mwenye viwanda vya nyuzi vya mji huo.

Kojima hakuishia kwenye maduka ya sanaa. Alimfuata Claude Monet hadi nyumbani kwake Giverny, akapata kwake mojawapo ya michoro ya mayungiyungi. Paris alikuta mchoro wa El Greco unaomwonyesha malaika akimpasha Maria habari, akautaka sana, na mwaka 1922 ukanunuliwa. Kojima alifariki mwaka 1929. Mwaka uliofuata Ohara alimwekea kumbukumbu: Makumbusho ya Sanaa ya Ohara, ya kwanza nchini Japani kwa sanaa ya Magharibi. Jengo lenye nguzo za Kigiriki bado limesimama kando ya mfereji wa zamani, jirani na maghala ya kuta nyeupe.

Msafiri anayetoka Tokyo kwenda mikoani afaa aanzie hapa, kwa kuwa kisa cha Kurashiki kinafungua macho kwa mengine yote. Mengi ya makumbusho ya mikoani yamezaliwa na mahali yalipo: tajiri wa mji, kiwanda, kisiwa kilichoumia. Anayetazama kazi za ndani bila kuuliza zimefikaje pale anaondoka na nusu ya habari.

Mfano mzito zaidi uko baharini. Kutoka Kurashiki treni hufika Okayama, kisha bandari ya Uno, ambako feri huvuka kwa dakika 20 hivi hadi kisiwa cha Naoshima, katika Bahari ya Ndani ya Seto. Upande wa kaskazini wa kisiwa kuna mitambo ya Mitsubishi ya kuyeyushia shaba iliyoanza kazi mwaka 1917. Iliwapa watu ajira, na moshi wake ukakausha miti ya vilima vya jirani. Mwaka 1985 Tetsuhiko Fukutake, mwenye kampuni ya uchapishaji ya Okayama, alikubaliana na meya wa Naoshima kuufufua upande wa kusini. Fukutake alifariki mwaka uliofuata, na mwanawe Soichiro akaibeba kazi hiyo pamoja na msanifu majengo Tadao Ando. Mwaka 1992 wakafungua jengo ambalo ni makumbusho na hoteli kwa pamoja.

Kazi yao inayozungumzwa zaidi ni makumbusho ya Chichu, yaliyofunguliwa mwaka 2004. Ili kilima kisiharibike, Ando aliyazika karibu yote ardhini, akaacha uwazi wa kuingiza mwanga. Chumba cha Monet ndicho kinachostahili muda mrefu. Mgeni huvua viatu mlangoni na kupewa ndara. Sakafu imepangwa vipande vidogo vya marumaru vya sentimeta 2 kila upande, takriban 700,000 kwa jumla, na pembe za kuta zimelainishwa kwa mviringo. Hakuna taa. Michoro mitano ya mayungiyungi huangaziwa na jua linalopenya kutoka juu, kwa hiyo wingu likipita, buluu ya maji inazama na zambarau inajitokeza. Aliyeingia asubuhi na aliyeingia alasiri hawakuona rangi zilezile.

Sanaa imeingia hadi vijijini. Katika kijiji cha Honmura, mradi ulioanza mwaka 1998 uligeuza nyumba za zamani kuwa kazi za sanaa. Katika nyumba ya kwanza, Kadoya, msanii Tatsuo Miyajima alitandaza maji sakafuni na kuweka chini yake namba 125 za taa zinazohesabu bila kukoma, nyingine haraka, nyingine polepole. Mwendo wa kila namba ulichaguliwa na mkazi mmoja wa kisiwa, wakiwemo watoto na wazee. Wenyeji waliingia ndani ya kazi kabla ya mgeni yeyote kuiona.

Kisiwa jirani, Teshima, kina historia chungu zaidi. Tangu miaka ya 1970 kampuni moja ilimwaga huko taka za viwandani kinyume cha sheria, hadi polisi walipovamia mwaka 1990. Wakazi walipigania haki yao kwa miaka mingi, na mwaka 2000 wakafikia makubaliano na serikali ya mkoa wa Kagawa. Zaidi ya tani 900,000 za taka na udongo uliochafuka ziliondolewa, nyingi zikasafishwa Naoshima.

Makumbusho ya Teshima yalifunguliwa mwaka 2010 juu ya mashamba ya mpunga yaliyofufuliwa pamoja na wenyeji. Msanifu Ryue Nishizawa alirundika kilima cha udongo, zege likamiminwa juu yake, na lilipokauka udongo ukachimbwa na kutolewa kwa ndani. Lililobaki ni ganda la mita 40 kwa 60, lisilo na nguzo hata moja, lenye matundu mawili makubwa yaliyo wazi kwa upepo, mvua na sauti za ndege. Ndani kuna kazi moja tu, ya Rei Naito: matone yanachomoza kupitia vitundu vya sakafu, yanateleza, yanakutana na kuwa vidimbwi. Katika kisiwa ambacho ardhi yake ilitiwa sumu, maji safi yanayotoka chini yana uzito wa pekee.

Safari ya namna hii huharibiwa na kalenda kuliko umbali. Makumbusho mengi ya Japani hufungwa Jumatatu. Jumatatu ikiwa sikukuu, hufungwa kesho yake. Ya Teshima kwa kawaida hufungwa Jumanne, na miezi ya baridi siku za kufunga huongezeka. Tiketi za Chichu huuzwa mtandaoni kwa saa maalumu, na boti kati ya visiwa ni chache, kwa hiyo saa ya boti ya kurudi ijulikane kabla ya ile ya kwenda. Picha haziruhusiwi katika vyumba vingi, na anayetaka kuandika abebe penseli, kwani wino hukatazwa. Tamasha la sanaa la Setouchi, linalofanyika kila baada ya miaka mitatu tangu 2010, huongeza kazi nyingi visiwani, lakini foleni nazo huwa ndefu.

Mwenye siku moja abaki Kurashiki. Mwenye mbili aongeze Naoshima na kulala kisiwani, kwa sababu wengi huondoka na feri za jioni na Honmura hurudi mikononi mwa wenyeji. Siku ya tatu aipe Teshima peke yake.