Mwandikie Wakala Asiyeweza Kukuuliza

Mwaka 2024 wahandisi wa Anthropic, kampuni ya Marekani inayotengeneza modeli ya Claude, walikuwa wakiunda wakala wa akili mnemba wa kurekebisha hitilafu za programu za kompyuta. Wakala huyo alijikwaa mahali padogo mno: akishahama kutoka folda aliyoanzia, alikosea anwani za mafaili. Wahandisi hawakuigusa modeli. Walibadili zana, ikawa inadai anwani kamili ya faili kila mara, na kosa likaisha. Baadaye walieleza kwamba kunoa zana kuliwachukua muda mwingi zaidi kuliko kuandika maagizo makuu ya wakala mwenyewe.

Kwa asiye wa fani hii, modeli ya lugha ikiwa peke yake huzalisha maneno tu. Haikati tiketi wala haiangalii salio. Zana ni kipande cha programu kinachoifanyia kazi hiyo: modeli huandika ombi, programu hulitekeleza, jibu hurudi. Modeli inayotumia zana namna hiyo kutimiza kazi ndiyo huitwa wakala. Kwa kawaida modeli haioni msimbo ulio ndani ya zana. Inachopewa ni jina la zana, maelezo yake, na vigezo vya kujaza. Basi. Kampuni ya OpenAI iliwafungulia waandaaji wa programu njia hii Juni 2023, na Novemba 2024 Anthropic wakatoa MCP, itifaki inayowezesha zana moja kutumiwa na mawakala wa kampuni mbalimbali. Tangu hapo zana zimezagaa, nyingi zikiwa zimeelezwa kwa sentensi moja iliyoandikwa mbiombio.

Tuseme una zana ya tiketi za basi, nayo umeieleza hivi: "Hukata tiketi. Kigezo: muda." Kwako wewe uliyeiunda inatosha. Abiria anamwambia wakala, "Nikatie ya Arusha kesho, saa mbili." Saa mbili ipi? Kwa hesabu ya Waswahili inaweza kuwa 08:00 au 20:00, lakini wakala akilichukua neno kama lilivyo atajaza 02:00, saa ambayo abiria hakuiwazia kabisa. Maelezo yanayofaa yangesomeka hivi:

"Hukata na kulipia tiketi moja ya basi. Itumie baada ya abiria kukubali nauli. Kama anauliza ratiba tu, tumia zana ya tafuta_ratiba. Muda uandikwe kwa saa 24 za Afrika Mashariki: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Asipotaja asubuhi au usiku, muulize kwanza."

Kwangu mimi sentensi ya thamani zaidi hapo ni ile inayosema zana isitumike lini. Waandishi wengi huiruka, kisha wanashangaa wakala amemlipisha mtu aliyekuwa anauliza bei tu.

Hata hivyo, si kila tatizo ni la maelezo. Daraja, lango la kampuni ya simu ya Safaricom la kuunganisha mifumo na huduma ya malipo ya M-Pesa, linataka namba ya simu ianze na 254, ilhali mteja wa Kenya kwa kawaida huitaja ikianza na 0. Unaweza kumwagiza wakala aigeuze. Mimi ningeuachia msimbo kazi hiyo, kwa sababu msimbo hausahau. Maelezo nayo yana gharama: kwa kawaida modeli huyasoma upya katika kila mazungumzo, hata pale zana isipohitajika, na yakijazana modeli huanza kuchanganya zana zinazofanana.

Ujumbe wa kosa nao ni sehemu ya maelezo, ingawa watu huusahau. Zana ikijibu "Hitilafu 400", wakala atarudia ombi lilelile au atabahatisha. Ikijibu "Tarehe imeshapita, taja ya leo au ya baadaye", atajisahihisha bila kumsumbua mtu.

Kuna hatari pia. Kwa kuwa modeli huyaamini maelezo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha humo agizo la kuiba taarifa. Zana unayoipakua isomwe maelezo yake yote kabla ya kuunganishwa.

Maelezo mazuri hayapatikani kwa kukaa na kuwaza. Yanapatikana kwa kumtazama wakala akiwa kazini. Anthropic walipozindua zana ya Claude ya kutafuta mtandaoni, waligundua kwamba modeli ilikuwa inabandika "2025" kwenye maswali bila sababu, na matokeo yakapinda. Dawa yake ilikuwa kuboresha maelezo ya zana. Kwa hiyo, ikiwa una wakala anayehudumia wateja sasa hivi, fungua kumbukumbu zake za wiki hii, soma maombi yaliyokataliwa na yaliyorudiwa, kisha urekebishe maneno ya zana zako kabla hujalipia modeli ya bei ya juu zaidi.