Je, Wajua? Wingi wa kumbikumbi ni ngao yao
Je, wajua kwamba kumbikumbi wanaovamia taa za nyumba Kisii na Nyamira mvua zinapoanza ni wafalme na malkia watarajiwa wa mchwa? Hukaa ndani ya kichuguu wakisubiri ardhi ilowe, kisha mchwa wafanyakazi huwafungulia vitundu, nao huruka kwa mkupuo. Kuku, vyura, ndege na watoto wenye mabeseni watakula na kuokota hadi wachoke, na bado watabaki kumbikumbi wa kutosha kuanzisha vichuguu vipya. Nyenje wa Marekani wanaoibuka kila baada ya miaka 13 au 17 hutumia mbinu hiyohiyo ya wingi. Sisi, kwa bahati nzuri, hatungoji muda mrefu hivyo.

Akishatua, kumbikumbi hupukutisha mabawa yake manne, ndiyo yale unayofagia barazani asubuhi. Inama utazame: dume humfuata jike unyounyo, mdomo karibu ugusane na mkia, wakitafuta pa kuchimba. Wakifaulu, baada ya miaka kadhaa jike hutaga maelfu ya mayai kwa siku. Wengine huishia kikaangoni, tena bila mafuta, wanayo yao.