Je, Wajua? Protini ya Maharage Husafiri na Anwani Yake

Protini ya maharage yanayolimwa Mbozi na kuuzwa sokoni Tunduma hutengenezwa punje zikiwa bado changa ndani ya ganda. Ribosomu husoma maagizo yaliyotoka kwenye kiini cha seli na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine. Protini huingia kwenye mtandao wa vijitando, hukunjwa ikapata umbo lake, hupitia sehemu ya seli iitwayo Golgi, kisha vifuko vidogo huipeleka kwenye ghala la seli. Haipotei, maana hubeba anwani yake yenyewe, kama lori lenye hati kamili mpakani. Kwa kugundua anwani hizo, mwanasayansi Günter Blobel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Protini kuu ghalani humo huitwa faseolini, nayo husaidia kulisha mche unapoota.