Kompyuta za jengo moja zinaposhindwa kuwasiliana: jinsi ya kutafuta njia iliyokatika

Taasisi nyingi za umma katika Afrika Mashariki, kuanzia vituo vya afya na shule hadi ofisi za wilaya, huendesha sehemu ya kazi zake kwa kompyuta zilizounganishwa. Iko hitilafu moja inayozisumbua mara kwa mara: kompyuta mbili zimo katika jengo moja, zimechomekwa kwenye swichi moja, zote ni nzima, lakini hazisikilizani.

Mfano ni kituo cha afya ambacho maabara yake ina mtandao wake na vyumba vya madaktari vina mtandao mwingine. Siku mawasiliano kati ya mitandao hiyo yanapokatika, majibu ya vipimo hubaki kwenye kompyuta ya maabara. Karani huyaandika kwenye karatasi na kuyapeleka kwa miguu, huku mgonjwa akiendelea kusubiri kwenye benchi. Fundi anayeitwa kwa haraka hushawishika kubomoa mipaka yote na kuweka kompyuta zote pamoja. Kazi hurejea, lakini tatizo jingine, lililo kubwa zaidi, huwa limefunguliwa mlango.

Mtaa na nyumba

Kila kompyuta katika mtandao hupewa anwani yenye namba nne, kwa mfano 192.168.10.25. Kando ya anwani hiyo huwekwa namba nyingine ambayo mafundi huiita maski, kwa mfano 255.255.255.0. Kazi ya maski ni kuonyesha mpaka: sehemu ipi ya anwani ni jina la mtaa, na ipi ni namba ya nyumba. Kwa maski hiyo, 192.168.10 ni mtaa na 25 ni nyumba. Mtaa wa namna hiyo una nafasi ya vifaa 254, nao ndio unaoitwa mtandao mdogo. Utaratibu wa kuigawa mitandao ya intaneti kwa njia hii uliwekwa rasmi mwaka 1985, katika waraka ulioandikwa na Wamarekani Jeffrey Mogul na Jon Postel.

Kompyuta inapotaka kutuma data, jambo la kwanza inalopima ni iwapo mpokeaji yuko katika mtaa wake. Akiwa yumo, hupiga mbiu mtaani kuuliza ni nani mwenye anwani hiyo, kisha humpelekea data moja kwa moja. Asipokuwamo, data hukabidhiwa kwa lango, yaani anwani ya kifaa kinachojua njia za kufikia mitaa mingine.

Hapa ndipo wengi hukosea. Swichi ya kawaida haijui mitaa. Inachojua ni namba ya utambulisho ambayo kila kifaa hupewa kiwandani, na tundu ambalo kifaa hicho kimechomekwa. Kwa hiyo, kuchomeka kompyuta mbili kwenye swichi moja hakutoshi kuziunganisha ikiwa ni za mitaa tofauti. Panahitajika ruta, au swichi yenye uwezo wa kufanya kazi ya ruta, ambayo mafundi huiita swichi ya tabaka la tatu.

Kwa nini mipaka iwepo

Swichi moja inaweza kugawanywa ikafanya kazi kana kwamba ni swichi kadhaa. Kila mgawanyo huitwa VLAN, na kwa kawaida kila VLAN hupewa mtaa wake wa anwani. Kiwango cha kimataifa kinachosimamia jambo hili, kijulikanacho kama 802.1Q, kilichapishwa mwaka 1998, nacho kinaruhusu hadi VLAN 4,094.

Mipaka hiyo haikuwekwa kwa urembo. Hupunguza kelele za mbiu zinazopigwa mtandaoni, na zaidi ya hayo huwezesha kuweka mlinzi kati ya idara moja na nyingine. Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilienea duniani kwa kuruka yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Nchini Uingereza, Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza baadaye kwamba takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma katika England ziliathirika, na kwamba, kwa makadirio, zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Chanzo kikuu kilikuwa kompyuta ambazo hazikuwekewa marekebisho ya usalama. Hata hivyo, mtandao usio na mipaka ya ndani huipa programu ya aina hiyo njia nyeupe.

Kuanzia karibu kwenda mbali

Kanuni ya kwanza ya kutafuta hitilafu ni kutobadilisha chochote kabla ya kujua mahali njia ilipokatika. Chombo kikuu cha kazi hiyo ni programu ndogo iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, alipokuwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la Marekani. Jina lake linatokana na mlio wa vyombo vinavyotambua vitu chini ya maji kwa mwangwi. Programu hii hutuma wito na kusubiri jibu. Ipo karibu katika kila kompyuta, na haihitaji kununuliwa.

Hatua ya kwanza ni kutazama anwani ya kompyuta yenyewe. Ikiwa inaanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na mtandao bali imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu. Mara nyingi maana yake ni kwamba seva inayogawa anwani iko mtaa mwingine, na mbiu ya kuomba anwani haivuki mpaka. Swichi hulazimika kuelekezwa kuipeleka mbiu hiyo kwa seva.

Hatua ya pili ni kuita kompyuta ya jirani katika mtaa uleule, kisha kuita lango. Wito kwa lango usipojibiwa, hitilafu iko karibu: waya umelegea, tundu la swichi limewekwa katika VLAN isiyo yake, au anwani imeandikwa vibaya. Ziko pia hali ambapo lango lenyewe limelala. Katika swichi za tabaka la tatu, lango la VLAN kwa kawaida huamka pale tu ambapo angalau tundu moja la VLAN hiyo lina waya unaofanya kazi.

Hatua ya tatu ni kuita lango la mtaa wa pili. Likijibu, kompyuta inayoita inalijua lango lake, na swichi iko macho pande zote mbili. Lisipojibu, huenda kompyuta haikuandikiwa lango lolote, au lango la upande wa pili limelala.

Hatua ya nne ni kuita kompyuta inayokusudiwa. Isipojibu ilhali malango yote yamejibu, fundi hukagua kwanza iwapo uelekezaji wa pakiti kati ya mitaa umewashwa katika swichi. Baadhi ya swichi hutoka kiwandani uwezo huo ukiwa umezimwa, na amri moja tu huumaliza utata wa siku nzima.

Palipo na swichi mbili, waya unaoziunganisha nao hukaguliwa. Hauna budi kuruhusiwa kubeba VLAN zote zinazohitajika, kila pakiti ikiwa na alama ya VLAN yake. VLAN iliyosahauliwa katika orodha ya waya huo hukatikia hapo hapo.

Kufika si kurudi

Hitilafu inayopoteza muda mwingi zaidi ni ile ya safari ya kurudi. Fundi huona kwamba wito haukujibiwa, akadhani haukufika. Mara nyingi ulifika. Jibu ndilo lililopotea.

Hutokea kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kompyuta ya upande wa pili kutokuwa na lango, au kuwa na lango lisilo sahihi. Hupokea wito, lakini haijui iukabidhi kwa nani jibu lake. Ndiyo maana lango hukaguliwa katika kompyuta zote mbili, wala si katika ile inayolalamikiwa peke yake.

Namna ya pili ni maski iliyokosewa. Kompyuta ya maabara yenye anwani 192.168.10.25 ikiandikiwa maski 255.255.0.0 badala ya 255.255.255.0, mpaka wake husogea. Itaamini kwamba 192.168.20.40, iliyo katika chumba cha daktari, ni jirani wa mtaa wake. Itapiga mbiu kumtafuta, asiitike, na data haitakabidhiwa kwa lango kamwe. Kosa hili ni gumu kulitambua kwa kuwa kompyuta hiyo huwasiliana vizuri na majirani zake halisi.

Namna ya tatu ni programu ya ulinzi katika kompyuta inayoitwa. Kompyuta nyingi za Windows hukataa wito unaotoka nje ya mtaa wao. Hapo mtandao ni mzima. Aliyefunga mlango ni mwenye nyumba. Suluhisho ni kuuruhusu mtaa unaohusika kwa huduma inayohitajika tu, badala ya kuuzima ulinzi wote.

Hitilafu ya kurudi hujitokeza pia kwenye njia ya kwenda intaneti. Mitaa miwili huwasiliana bila tabu, lakini mmoja wao hauna intaneti. Sababu ya kawaida ni kwamba ruta iliyo mlangoni iliwekwa wakati taasisi ilipokuwa na mtaa mmoja, na haikuambiwa kuwa sasa upo wa pili nyuma ya swichi. Majibu yanaporejea kutoka nje, ruta haijui yapelekwe wapi. Hukosekana mstari mmoja tu katika jedwali lake la njia.

Jirani aliyefikiwa kupitia ng'ambo

Kanuni hiyohiyo huongoza mitandao mikubwa, na Kenya inatoa mfano. Hadi mwaka 2000, kampuni za intaneti jijini Nairobi hazikuwa na mahali pa kukutania. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata wakiwa mtaa mmoja wa jiji, ilipaa kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurejea kwa njia hiyohiyo ya gharama kubwa.

Mwezi Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua kituo cha pamoja cha kubadilishana data, KIXP, ambacho kiini chake kilikuwa swichi. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe wiki chache baadaye. Kilifunguliwa tena mwezi Februari 2002 kikiwa na leseni. Rwanda nayo ilianzisha kituo chake, RINEX, mwaka 2004. Katika visa hivyo, nyaya na mitambo vilikuwapo kabla. Kilichokosekana ni mahali pa kukutana na ruhusa ya kuelekezana njia.

Daftari la mtandao

Kwa taasisi ndogo, kinga iliyo rahisi kuliko zote ni daftari. Ndani yake huandikwa kila mtaa wa anwani, maski yake, lango lake, VLAN yake, na matundu ya swichi yaliyo chini yake. Kila badiliko huandikwa pamoja na tarehe na jina la aliyelifanya. Mawasiliano yanapokatika, swali la kwanza huwa ni nini kilichobadilishwa tangu jana, na daftari huwa na jibu.

Fundi wa nje anayekuja kurekebisha aombwe mambo mawili kabla ya kuondoka: aonyeshe kwamba wito unajibiwa ukitoka pande zote mbili, na aandike alichobadilisha. Akishauri mitaa yote iunganishwe kuwa mmoja, aulizwe ni nani atakayewazuia wageni wanaotumia intaneti ya ukumbi wa kusubiri wasifike kwenye kompyuta yenye majibu ya vipimo vya wagonjwa.