Je, Wajua? Mpingo, Binamu Mweusi wa Maharagwe

Kwetu Kaloleni, Nairobi, katika nyumba zile za mawe zenye paa za vigae zilizojengwa miaka ya 1940, kabati la vyombo lilikuwa ndilo fahari ya sebule. Juu yake palitandikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akasimama mzee mmoja wa mbao, mweusi ti, urefu wake kama shibiri, ameinamia fimbo yake. Nikiwa mtoto niliamini amechongwa kwa jiwe. Siku moja nikiwa ninampangusa vumbi, aliniponyoka akatumbukia kwenye beseni la maji ya kuoshea vyombo. Nilitazamia aelee. Alizama moja kwa moja, akagonga chini ya beseni, ko!

Siku hiyo ndiyo niliyoambiwa jina la mti wake: mpingo. Tangu hapo nimekuwa nikiokota habari zake popote ninapozipata. Hizi hapa baadhi, na huenda nyingine hujapata kuzisikia.

Je, wajua kwamba mpingo na maharagwe ni ukoo mmoja?

Mpingo ni wa jamii ya kunde. Binamu zake ni maharagwe yanayochemka jioni kwenye sufuria ya githeri, mbaazi za mahamri, pojo, njugu karanga, mkwaju na migunga ya mbugani. Ukitaka ushahidi, tazama matunda yake: ni maganda bapa, membamba kama karatasi, yenye mbegu moja au mbili ndani. Maganda hayo hayapasuki kwa kishindo. Hupeperushwa na upepo yakaangukia mbali na mama yao.

Kama kunde nyingine, mpingo hushirikiana na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Ndiyo maana mti huu huweza kuishi kwenye udongo hafifu ambako mingine hudumaa. Wataalamu huuita *Dalbergia melanoxylon*. Neno la pili limetoka katika Kigiriki, na maana yake ni mbao nyeusi tu. La kwanza ni kumbukumbu ya ndugu wawili wa Uswidi wa ukoo wa Dahlberg, waliopenda elimu ya mimea katika karne ya 18.

Je, wajua kwamba mbao hii huzama majini?

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kipande cha kiini cha mpingo chenye ujazo huohuo huwa na takriban kilo 1.2 au zaidi. Ndiyo sababu yule mzee wa kabatini hakuelea. Nyuzi za mbao hii zimeshikamana mno na zimejaa mafuta ya asili, kiasi kwamba maji hayapati pa kupenya, na mchwa wanaotafuna milango na vitanda vya watu huiacha. Fundi anayeikata kwa msumeno wa kawaida hulazimika kuunoa tena na tena. Vumbi lake nalo si la kuchezea, kwani huweza kuwasha ngozi na kifua.

Je, wajua kwamba mpingo si mweusi kwa nje?

Ukipita karibu na mpingo porini, huenda usiutambue. Ni mti wa kawaida, mara nyingi wenye kimo cha kati ya mita 5 na 15, matawi yake yamesokotana, una miiba, na gome lake ni la kijivu. Huchanua maua madogo meupe yenye harufu nzuri. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani, ukaonekana kama uliokufa.

Siri yake imo ndani. Ukiukata, utaona kwanza pete ya mbao nyeupe yenye umanjano. Hilo ndilo tabaka linalopitisha maji, nalo li hai. Baada ya hapo ghafla unaanza weusi wenye wekundu wa zambarau kwa mbali. Miaka inavyopita, tabaka la ndani huacha kupitisha maji, na mti hulijaza kemikali zinazolikaza na kulitia rangi. Weusi wa mpingo ni kazi ya muda. Mche hauna weusi huo. Wachongaji wengi huacha ukingo mweupe kwenye kazi zao makusudi, mteja aone kwamba rangi ni ya mti wenyewe.

Je, wajua kwamba mpingo unaokatwa leo huenda ulipandwa na upepo kabla Kaloleni haijajengwa?

Mpingo haukui kwa pupa. Ili shina lake linenepe kiasi cha kufaa kuvunwa, huhitaji takriban miaka 70 hadi 100. Hesabu mwenyewe: mti uliochipuka wakati mafundi walipokuwa wakipanga mawe ya nyumba za Kaloleni, huenda sasa ndio kwanza unaanza kufaa. Msumeno wa mota huuangusha kwa dakika chache.

Isitoshe, si gogo lote linalofaa. Mashina mengi yamejipinda, yana mifereji au uwazi katikati. Kwa kazi ya ala za muziki, ambazo hazivumilii hata ufa mdogo, kiasi kinachofaa mara nyingi hakifiki sehemu moja ya kumi ya mbao yote.

Je, wajua kwamba mche wa mpingo hufa na kufufuka?

Mti huu hupenda joto na ukame wa nyika na misitu ya miombo. Kila mwaka nyika huungua. Mche mchanga huteketea juu ya ardhi, lakini mzizi hubaki hai, na mvua zikinyesha huchipua upya. Unaweza kuteketea na kuchipua hivyo kwa miaka kadhaa kabla haujapata kimo cha kuushinda moto. Mizizi ya mti mkubwa pia huotesha machipukizi pembeni. Kwa hiyo ukiona vijiti vya miiba vimejikusanya mahali palipoungua, usiseme ni magugu.

Je, wajua kwamba Wakamba na Waswahili huuita karibu jina lilelile?

Kikamba ni *mũvingo*, Kiswahili ni mpingo. Kenya unaota katika nyika za Ukambani, Taita na pwani. Lakini makao yake ni mapana zaidi: kuanzia Senegal hadi Ethiopia, kisha kushuka hadi kusini mwa bara. Wataalamu waliueleza kisayansi kwa mara ya kwanza miaka ya 1830 kutokana na mimea iliyokusanywa Senegambia, upande wa pili kabisa wa Afrika. Siku hizi mbao nyingi za biashara hutoka kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji.

Je, wajua kwamba Mafarao waliutumia mpingo?

Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922, ndani yake zilikutwa samani za mbao nyeusi. Wamisri wa kale waliiita mbao hiyo kwa jina linaloandikwa *hbny*. Jina hilo likaingia Kigiriki, kisha Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu likatufikia sisi kama *abunusi*. Leo wataalamu wa mimea hulitumia jina hilo kwa miti ya jamii nyingine kabisa, isiyo ya kunde. Lakini mbao iliyobeba jina hilo kwanza, ile iliyosafirishwa hadi Misri kutoka kusini, ilikuwa mpingo. Mwanafunzi akikuuliza neno abunusi limetoka wapi, mwambie limezunguka dunia likarudi nyumbani.

Je, wajua kwamba uchongaji wa Wakamba una uhusiano na vita?

Mitaa ya Eastlands, upande wetu wa Nairobi, imejaa majina ya vita. Kariokor limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na Kariakoo ya Dar es Salaam ina asili hiyohiyo. Soko la Burma, jirani yetu hapa Kaloleni, linakumbusha askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili.

Katika ile vita ya kwanza, Mutisya wa Munge, mwenyeji wa Wamunyu huko Ukambani, alifika Tanganyika pamoja na jeshi la Waingereza. Huko aliwaona wachongaji wa Kizaramo wakifanyia kazi mpingo na mbao nyingine ngumu, akajifunza. Aliporudi Wamunyu akaanza kuchonga, kwanza peke yake, kisha na jamaa zake, hadi kijiji kizima kikawa na patasi mkononi. Wengine waliuleta ufundi Nairobi, wakajenga ushirika wao Gikomba, mwendo mfupi kutoka kwetu. Yule mzee wetu wa kabatini alitokana na mnyororo huo.

Je, wajua kwamba klarineti ni mpingo?

Si zote, lakini klarineti na oboi nyingi za wapigaji stadi wa dunia huchongwa kwa mpingo, na vilevile zumari za mkoba za Waskoti. Sababu ni ileile ya beseni: mbao iliyoshikamana na yenye mafuta haitanuki ovyo pumzi yenye unyevu inapopita ndani yake, na tundu lililokerezwa hubaki na kipimo chake. Sauti hutoka safi.

Wapenzi wa rumba nao wana sehemu yao. Jean Serge Essous, mmoja wa waanzilishi wa bendi ya OK Jazz mwaka 1956, alipuliza klarineti kama alivyopuliza saksofoni. Kwa hiyo klarineti ikilia kwenye santuri ya zamani, tega sikio: huenda ni mti wa nyika yetu unaoimba.

Je, wajua kwamba huko Lamu mpingo ulikuwa mti wa heshima?

Kile kiti kirefu cha Waswahili wa pwani, chenye mgongo ulionyooka na nakshi za pembe, ndicho kiti cha enzi. Jina lake jingine ni kiti cha mpingo. Hakikukaliwa na kila mtu. Aliwekewa mgeni mwenye cheo au bwana arusi.

Je, wajua kwamba mpingo unahitaji hati ya kusafiria?

Tangu Januari 2017 miti yote ya *Dalbergia* imo katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mbao zake zikivuka mpaka kwa biashara, huhitaji kibali. Wanamuziki walihangaika sana kwenye viwanja vya ndege, na mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikalegezewa masharti. Magogo na mbao bado vinabanwa.

Je, wajua kwamba wako waliokwisha kuonyesha njia?

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao. Huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilichukua nafasi hiyo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha FSC cha uvunaji bora. Kijiji hupima, huhesabu, huvuna kwa kiasi, na fedha hubaki kijijini.

Moshi nako, marehemu Sebastian Chuwa aliungana mwaka 1996 na James Harris, fundi wa mbao wa Texas, wakaanzisha mradi wa kuotesha mpingo. Mpaka Chuwa alipofariki mwaka 2014, yeye pamoja na wanafunzi na akina mama wa vijiji vya Kilimanjaro walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni moja ya aina mbalimbali. Alijua hatauona mpingo wake ukikomaa. Alipanda.

Je, wajua namna ya kuutambua mpingo wa kweli?

Kwa kuwa mpingo ni adimu, kuna vinyago vya mbao nyepesi vinavyopakwa rangi ya viatu na kuuzwa kama mpingo. Fanya hivi. Kwanza kipime kwa mkono: mpingo hukushtua kwa uzito. Pili, kisugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, kwani rangi ya kupaka huhama. Tatu, tazama chini ya kinyago ambako hakujang'arishwa, utafute nyuzi nyeusi zenye wekundu wa mbali. Na usidharau mbao nyingine inapouzwa kwa jina lake halisi. Wachongaji wa Kenya siku hizi hutumia mwarobaini, jakaranda na mwembe, miti inayokua upesi, na kila kinyago kizuri cha miti hiyo kinaupumzisha mpingo.

Katika lugha za Wamijikenda, *kulola* ni kutazama, na Kaloleni ni mwito: nendeni mkaone. Basi ukifika Ukambani au Taita, uliza mpingo, ukaonyeshwe ungali umesimama, gome la kijivu na miiba yake. Ukiwa na shamba kwenye nyika hizo, acha mche mmoja usimame, au panda mmoja na uukinge dhidi ya moto. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mti huu umeshacheza sana ugenini. Tuutunze kwao.